Kutoka Zamu ya Hoteli Hadi Biashara ya Kimataifa: Mwongozo Kamili kwa Aliyesomea Ukarimu

Jina linalowaka juu ya lango la hoteli kubwa mara nyingi si la mwenye hoteli. Mwaka 1993 kampuni ya Marriott ilijigawa: majengo yakaenda upande mmoja, ambao leo ni Host Hotels & Resorts, na kazi ya kuendesha hoteli pamoja na jina ikabaki kwa Marriott International. Siku hizi mpangilio wa aina hiyo ni jambo la kawaida kwa makampuni makubwa ya hoteli. Mmoja ana jengo, mwingine analiendesha, wa tatu ana jina na analikodisha kwa fransaizi. Kati ya hao watatu kuna mikataba, ada, bajeti, mifumo ya kuuza vyumba na ugomvi usiokwisha juu ya nani alipe nini. Kazi nyingi za biashara ya kimataifa zinazomfaa mhitimu wa hoteli ziko hapo katikati.

Mwongozo huu ni wa anayekaribia kuhitimu, au aliyekwisha kuhitimu na yuko kazini miaka miwili mitatu, akitaka kutoka kwenye uendeshaji wa kila siku bila kutupa alichosomea. Ushauri wetu mkuu utaukuta karibu kila hatua: usiondoke hotelini kabla hujajua kuisoma kwa tarakimu. Wahitimu wa biashara wanazo fomula, lakini wachache wanaojua kwa nini shuka huisha Jumamosi mchana. La shuka unalijua tayari. Ukiliunganisha na la hesabu, unakuwa mtu wa kutafutwa.

Hatua ya 1: Chagua mlango kabla ya kuchagua nchi

Wengi huanza na nchi. "Nataka kwenda Kanada," kisha wanaomba kila kazi iliyoko huko. Anza na aina ya kazi, kwa kuwa ndiyo itakayoamua cheti, lugha, na hata nchi yenyewe.

Mlango wa karibu zaidi ni usimamizi wa mapato: kupanga bei ya chumba kwa kila siku, kila soko na kila njia ya mauzo. Fani hii ilitoka kwenye ndege. Marekani ilipoondoa udhibiti wa nauli mwaka 1978, mashirika ya ndege yalilazimika kujua ni viti vingapi yauze rahisi mapema na vingapi yamwekee abiria wa dakika ya mwisho. Hoteli zikaichukua hesabu hiyo, maana chumba kisicholaliwa usiku wa leo hakiuziki kesho. Uzuri wa mlango huu ni kwamba kazi husafiri: mchambuzi wa mapato aliyezoea hoteli ya mjini anaweza kusimamia hoteli sita zilizo nchi tatu akiwa kwenye meza moja.

Wa pili ni mauzo ya makampuni na mikutano. Hapa unauza kwa mashirika ambayo wafanyakazi wao hulala hotelini mamia ya mara kwa mwaka. Msimu wa kupatana bei kwa kawaida huwa nusu ya pili ya mwaka, kwa ajili ya mwaka unaofuata, na muuzaji mgeni huumia kwenye kifungu kimoja tu: je, bei hiyo inamhakikishia mteja hata chumba cha mwisho kilichobaki, au hoteli inaweza kuifunga siku za msongamano? Ukitia saini ya kwanza kwa bei inayofaa ya pili, utaijutia mwaka mzima.

Wa tatu ni upande wa mwenye jengo: usimamizi wa mali, ushauri wa uwekezaji, tathmini ya thamani ya hoteli. Makampuni kama HVS, JLL, CBRE na Horwath HTL huajiri wachambuzi wa ngazi ya chini, na mtu aliyewahi kufanya kazi hotelini ana nafasi nzuri akijua pia kujenga jedwali la makadirio ya miaka kumi.

Wa nne ni teknolojia. Waundaji wa mifumo ya kuendesha hoteli, ya kupokea oda za mtandaoni na ya malipo wanahitaji watu wa kuifunga mifumo hiyo, kufundisha wafanyakazi na kuwatunza wateja. Aliyewahi kufunga siku ya hesabu saa nane usiku mfumo ukiwa umegoma anajua jambo ambalo mhandisi wa programu hatalijua kwa kusoma.

Wa tano ni ununuzi na biashara ya bidhaa za hoteli. Huu hausemwi sana na tunaona unadharauliwa. Chukua shuka. Hoteli ya vyumba 120, kitanda kimoja kila chumba, shuka mbili kila kitanda, na akiba ya seti tatu (moja kitandani, moja dobi, moja stoo), inahitaji shuka 720 ili izunguke bila kukwama, nazo huchakaa. Anayezinunua kutoka nchi nyingine lazima ajue masharti ya Incoterms 2020, yanayosema muuzaji na mnunuzi nani abebe gharama na hatari ya mzigo hadi wapi, ambayo ni 11 tu na yanajifunzika kwa wiki mbili. Kosa la kila siku ni kuandika FOB kwa mzigo wa kontena. Mzigo wa kontena hukabidhiwa kwenye yadi ya bandari siku kadhaa kabla ya kupakiwa, ilhali FOB inamwachia muuzaji hatari mpaka bidhaa ziwe melini. Sharti linalofaa hapo ni FCA, ambalo hatari humhamia mnunuzi mzigo unapokabidhiwa kwa msafirishaji.

Nje ya hoteli kabisa kuna huduma kwa wateja matajiri wa benki, bidhaa za anasa, hospitali binafsi, mashirika ya ndege na usimamizi wa majengo ya ofisi. Milango hiyo ipo, lakini hufunguka kwa urahisi zaidi kwa anayetoka kwenye mojawapo ya hiyo mitano.

Chagua mmoja mkuu na mmoja wa akiba. Mitano kwa pamoja ni sawa na kutochagua.

Hatua ya 2: Pata zamu inayokuonyesha hesabu

Miezi 18 hadi 24 ya kazi halisi ya uendeshaji inatosha. Ikipungua mwaka mmoja, mwajiri ataona hujui hoteli. Ikizidi miaka minne au mitano unaweza kuingia mtegoni: umekuwa meneja wa idara, mshahara umepanda, na nafasi ya mchambuzi wa ngazi ya chini inakudai ushuke. Wengi hapo hukata tamaa na kubaki. Ni bora uvuke ukiwa bado msimamizi wa zamu.

Kama una uchaguzi, omba ukaguzi wa usiku. Watu huikwepa zamu hii kwa sababu inaharibu usingizi, na ni kweli inauharibu. Lakini ndiyo zamu inayomweka kijana wa ngazi ya chini mbele ya hesabu zote za hoteli: anapatanisha mauzo ya mgahawa na baa, anahakiki bei ya kila chumba kabla haijaingia kwenye bili, analinganisha malipo ya kadi na mashine, anafunga siku, kisha anachapa ripoti ambayo meneja mkuu ataisoma asubuhi kabla ya chai. Miezi sita ya kazi hiyo ukiifanya kwa makini inakufundisha zaidi ya kozi ya hesabu ya muhula mzima.

Ukikosa zamu ya usiku, jitolee kuhudhuria kikao cha mapato cha kila wiki. Hoteli nyingi zina kikao hicho. Mtu wa mapokezi akiomba kukaa kimya pembeni na kuandika kumbukumbu za kikao, ni nadra kukataliwa, maana hakuna anayependa kuziandika.

Hatua ya 3: Jifunze tarakimu hizi mpaka zikutoke bila kufikiri

Mali bila daftari hupotea bila habari, na hoteli ina daftari lake maalumu. Mfumo wa kupanga hesabu za hoteli, unaofupishwa USALI, ulichapishwa mara ya kwanza mwaka 1926, na ndio unaofanya hesabu za hoteli mbili zilizo mabara tofauti zilinganishike mstari kwa mstari. Usome ukijua hili: kila idara inayoingiza pesa (vyumba, chakula na vinywaji, nyinginezo) ina mapato yake na gharama zake, chini yake zinakaa gharama zisizo za idara moja, kama utawala, mauzo, matengenezo na nishati, kinachobaki ni faida ya uendeshaji, yaani GOP. Chini ya GOP ndipo vinapokuja ada ya mwendeshaji, kodi ya majengo, bima, na fungu la kubadilisha samani ambalo mikataba mingi huliweka kwenye asilimia 4 ya mapato. Mwendeshaji huangalia zaidi mistari ya juu, kwa sababu ada yake ya msingi, ambayo mara nyingi ni asilimia 2 hadi 4, hukatwa kwenye mapato yote. Mwenye jengo huangalia mstari wa mwisho. Ukielewa pengo hilo, umeelewa nusu ya ugomvi wao.

Sasa hesabu yenyewe. Hoteli ya vyumba 120 imeuza vyumba 84 kwa jumla ya dola 10,080. Vyumba vilivyouzwa ni asilimia 70, bei ya wastani ni dola 120, na mapato kwa kila chumba kilichopo, yaani RevPAR, ni dola 84. Meneja anashusha bei hadi 100 na vyumba 96 vinauzwa. Asilimia imepanda hadi 80 na kila mtu anafurahi, lakini mapato ni 9,600 na RevPAR ni 80. Hoteli imejaa zaidi, imepata dola 480 pungufu, na imesafisha vyumba 12 vya ziada. Kama kila chumba kinakula dola 15 za dobi, sabuni, kazi na kifungua kinywa, ni dola 180 nyingine zimekwenda. Hasara ya usiku mmoja: dola 660. Ndiyo sababu mtu wa mapato haulizi "tumejaa?" kwanza.

Tarakimu ya pili ni kujilinganisha na washindani. Kampuni ya STR hukusanya takwimu za hoteli na kuirudishia kila hoteli ripoti inayoipima dhidi ya kundi la washindani wake, bila kutaja nani kauza nini. RevPAR yako ikiwa 84 na ya kundi ikiwa 80, fahirisi yako ni 105: unachukua zaidi ya fungu lako la haki. Fahirisi ikiwa 92, unanyang'anywa wageni, hata kama mauzo yamepanda kuliko mwaka jana.

Ya tatu ni mtiririko wa faida. Mapato yameongezeka kwa dola 50,000 kuliko mwaka jana, na GOP imeongezeka kwa 20,000. Mtiririko ni asilimia 40. Swali la kazi ni moja: zile 30,000 zimeishia wapi? Kama ongezeko lilitokana na bei, asilimia 40 ni dalili ya uvujaji, kwa sababu kupandisha bei hakuongezi shuka za kufua. Kama lilitokana na karamu za chakula, huenda ni sawa kabisa.

Ya nne ni thamani. Mwekezaji akinunua hoteli kwa kiwango cha mavuno cha asilimia 8 (yaani faida ya mwaka ni asilimia 8 ya bei), kila dola 30,000 za faida halisi ya mwaka utakazookoa huongeza thamani ya jengo kwa dola 375,000 (30,000 gawanya kwa 0.08). Mtu wa uendeshaji huona bili ya umeme iliyopungua. Msimamizi wa mali huona 375,000.

Fanya zoezi hili moja na utatofautiana na wenzako wote kwenye usaili. Kampuni inataka vyumba 40 kwa usiku tatu, Jumanne hadi Alhamisi, kwa dola 85, hoteli ile ile ya vyumba 120. Bila kundi hilo unatarajia kuuza vyumba 70, 95 na 110 kwa wastani wa dola 120. Ukiwapa vyumba 40, vinabaki 80. Jumanne hakuna mgeni anayekosa chumba, Jumatano wanakosa 15, Alhamisi 30. Umepoteza mauzo 45, sawa na dola 5,400. Kundi linaleta 10,200. Vyumba vya ziada utakavyosafisha ni 75 (40 mara usiku 3 ni 120, toa 45), gharama 1,125. Watu 40 wanakula kwa dola 30 kwa siku tatu, jumla 3,600, na kwenye chakula faida ni kama asilimia 30, yaani 1,080. Jumlisha na utoe: kundi linakuachia dola 4,755. Kubali. Lakini wakihamia siku tatu ambazo zote ni kama Alhamisi, utapoteza mauzo 90, dola 10,800, na mwishoni kitakachobaki ni dola 30. Kundi lile lile, bei ile ile, tarehe tofauti. Muuzaji mzuri hawakatai. Anawapigia simu na kuwapa bei nafuu zaidi wakirudi mwanzoni mwa wiki.

Jenga hesabu hiyo kwenye Excel kuanzia jedwali tupu, usinakili ya mtu. Ukijua SUMIFS, XLOOKUP, jedwali egemeo (pivot table), na fomula za NPV na IRR za kupima uwekezaji, unatosha kuanza.

Hatua ya 4: Cheti kimoja kinachopimika, kwa wakati wake

Kwa mlango wa mapato na ule wa uwekezaji, cheti cha CHIA cha uchambuzi wa takwimu za hoteli ndicho cha kuanza nacho. Ni kifupi, na wanafunzi wa vyuo vingi vya hoteli hukifanya kabla ya kuhitimu. CRME cha HSMAI, chama cha watu wa mauzo na masoko ya hoteli, ni cha mtu aliyekwisha kuwa kwenye kazi ya mapato. Kwa hesabu kuna CHAE cha HFTP, chama cha watu wa fedha na teknolojia ya hoteli. Kwa ununuzi, vyeti vya CIPS, taasisi ya wataalamu wa ununuzi. Kwa fedha nzito, CFA ya wachambuzi wa uwekezaji, yenye ngazi tatu na inayodai miaka. Usikusanye vyeti vinne vya ngazi ya chini. Cheti kimoja na jedwali ulilolijenga mwenyewe vinazungumza zaidi.

MBA tunaishauri baada ya miaka mitatu hadi mitano ya kazi, si mara tu baada ya shahada. Darasani utajifunza kutokana na wenzako, na wenzako watataka ulete kitu. Shule nyingi za Ulaya humaliza kwa mwaka mmoja au pungufu (INSEAD ni miezi 10), za Marekani kwa kawaida ni miaka miwili. Miaka miwili inakupa nafasi ya kufanya mafunzo ya kazi katikati, jambo la maana kwa anayebadili fani. Anayebaki kwenye fani yake hana haja nayo.

Hapa kuna jambo la ratiba ambalo huwagharimu watu pesa: matokeo ya GMAT, mtihani wa kuombea MBA, hudumu miaka mitano, ya IELTS na TOEFL miaka miwili. Kwa hiyo fanya GMAT mapema, ungali na kichwa cha shule, na mtihani wa Kiingereza uuache mpaka tarehe ya kuomba iwe karibu. Wengi hufanya kinyume, wakalipia IELTS mara mbili.

Kwa lugha, kiwango cha B2 (kwenye ngazi za Ulaya zinazoanzia A1 hadi C2) ndicho kinachoanza kulipa ofisini. Lugha tatu za A2 ni za kumkaribisha mgeni tu. Afadhali moja ya pili uifikishe B2, ukiweka nguvu kwenye kuandika: barua ya kukataa ombi la punguzo bila kumuudhi mteja ni mtihani mgumu kuliko kusema "karibuni".

Hatua ya 5: Andika wasifu upya

Wasifu wa hoteli husema majukumu, wasifu wa biashara husema matokeo. Mstari huu hautakufikisha popote:

"Nilihudumia wageni mapokezini na kushughulikia malalamiko yao."

Mstari huu utasomwa:

"Mapokezi, hoteli ya vyumba 120: niliuza vyumba vya daraja la juu kwa wageni waliofika, wastani wa vyumba 6 kwa zamu kwa nyongeza ya dola 18; nilitengeneza jedwali la kufuatilia mauzo hayo ambalo zamu zote tatu zililitumia."

Kwa zamu 22 kwa mwezi, hiyo ni dola 2,376, na msaili ataipiga hesabu kichwani mbele yako, kwa hiyo iwe kweli. Tarakimu hizi hazipatikani baadaye. Anza kuziandika kwenye daftari lako leo, kila mwisho wa zamu.

Tahadhari moja kubwa: mapato ya mwajiri wako ni siri yake. Usiyaweke kwenye wasifu wala usiwaonyeshe wasaili ripoti ya hoteli. Tumia kazi yako mwenyewe, asilimia na fahirisi. Mwajiri mpya akikuona unamwaga siri za wa zamani, atajua utamwaga na zake.

Ukurasa mmoja unatosha kwa mwenye chini ya miaka mitano kazini. Picha, dini na hali ya ndoa viondoe kwa maombi ya Marekani, Uingereza na Kanada.

Hatua ya 6: Badilisha kitu kimoja kwa wakati

Kuna vitu vitatu unavyotaka kubadilisha: aina ya kazi, nchi, na sekta. Kubadilisha vyote kwa mkupuo mmoja ndiko kunakozalisha yale maombi 200 yasiyojibiwa. Kwa mwajiri, kila badiliko ni hatari moja. Hatari tatu kwa mtu asiyemjua hazibebi.

Njia inayofanya kazi mara nyingi ni hii. Kwanza badilisha kazi ndani ya hoteli ile ile: kutoka mapokezi kwenda ofisi ya oda, kisha msaidizi wa mapato. Kisha badilisha nchi ndani ya kampuni ile ile. Makampuni yenye hoteli nchi nyingi yana ubao wa nafasi za ndani, na kwa kawaida hudai uwe umekaa kwenye kazi ya sasa angalau mwaka mmoja na meneja wako aridhie. Sekta iwe ya mwisho, ukiwa tayari una jina la kazi linaloeleweka popote. Ni miaka minne hadi sita. Kuna wanaoruka haraka zaidi kupitia shahada ya pili ughaibuni, ambayo hubadilisha nchi na kazi kwa pamoja kwa gharama ya ada.

Kwa Marekani kuna viza ya J-1 ya mafunzo. Mwanafunzi, au aliyehitimu ndani ya miezi 12, huingia kama mwanagenzi. Aliyehitimu zamani zaidi huhitaji mwaka mmoja wa uzoefu wa fani yake nje ya Marekani. Mafunzo ya hoteli na utalii yana kikomo cha miezi 12. Soma mpango wako wa mafunzo kabla ya kusaini: kama miezi yote 12 ni ya kubeba sahani na hakuna idara ya kuzungukia, hujapewa mafunzo, umepewa kazi. Na angalia kama viza yako ina sharti la kurudi nyumbani miaka miwili kabla ya kuomba aina fulani za viza. Si kila mtu analo, lakini aliye nalo hulikuta limeandikwa.

Meli za abiria ni njia nyingine ya haraka ya kupata wenzako wa mataifa mengi na akiba ya pesa, ila hesabu zake ni za melini na huzioni sana. Mkataba mmoja au miwili inatosha.

Hatua ya 7: Nyaraka, kabla hazijahitajika

Hili halina utamu, kwa hiyo kwa ufupi. Omba nakala rasmi za matokeo na muhtasari wa masomo yako wakati chuo bado kinakukumbuka. Wanaotathmini vyeti hudai muhtasari huo, na baada ya miaka kumi huenda mtaala umebadilishwa na faili kuhamishwa. Nchi zilizojiunga na Mkataba wa Hague wa 1961 hupokea vyeti vilivyogongwa apostile (muhuri wa kuthibitisha nyaraka) na nchi nyingine iliyojiunga. Zisizojiunga hutaka mlolongo wa wizara na ubalozi, na mlolongo huo hula wiki. Cheti cha polisi usikichukue mapema, kwa kuwa wengi hukitaka kikiwa cha miezi michache tu.

Barua ya utambulisho wa kazi ichukue siku unayoondoka, ikiwa na tarehe, cheo na saa za kazi. Mameneja wakuu huhamahama. Yule aliyekusifu leo mwakani yuko bara jingine.

Na pesa ya wakala. Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006 unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Anaweza kulipia cheti cha afya, kitabu cha ubaharia na pasipoti, lakini viza ni ya mwajiri. Kwa kazi za nchi kavu, Mkataba wa ILO namba 181 wa 1997 una msimamo huo huo wa jumla, ingawa unaruhusu nchi kuweka vighairi. Wakala akitaka "ada ya kukuwekea nafasi" kabla ya usaili wowote na mwajiri mwenyewe, kaa mbali.

Hatua ya 8: Usaili na ofa

Usaili wa kazi hizi huwa na swali la hesabu. Mfano: vyumba vilivyouzwa vimepungua kwa asilimia 8, bei ya wastani imepanda kwa asilimia 3, RevPAR imekwendaje? Wengi hujibu "imeshuka 5". Jibu ni 0.92 mara 1.03, yaani 0.9476: imeshuka kwa asilimia 5.2 hivi. Tofauti ni ndogo, lakini msaili anataka kuona kama unazidisha au unatoa. Kisha atauliza ungefanya nini, na hapo ndipo uzoefu wako wa zamu unapokuokoa: usikimbilie kupunguza bei. Uliza kwanza ni siku zipi za wiki, ni soko gani limepungua, na kama washindani nao wameshuka.

Ofa ikija, usilinganishe mshahara na mshahara. Andika safu mbili, moja ya kazi ya sasa na moja ya ofa, kisha linganisha: kinachobaki mkononi baada ya kodi na michango, nyumba (inatolewa, au unalipwa posho?), bima inamhusu nani, tiketi ya ndege mara ngapi, malipo ya mwisho wa mkataba, na nani analipa usafiri wa kurudi ukiachishwa. Nyumba ya kampuni ndiyo inayodanganya watu zaidi. Inafanya mshahara uonekane mkubwa, lakini siku kazi inapoisha nyumba nayo inaisha, pengine kwa notisi ya wiki chache, na kwenye nchi ambako kibali chako cha kuishi kimefungwa na mwajiri, vyote vitatu huondoka siku moja. Weka akiba ya miezi mitatu ya kodi ya nyumba ya soko kabla ya kununua chochote kikubwa.

Kipindi cha majaribio mara nyingi ni miezi mitatu hadi sita. Mwezi wa kwanza usipendekeze kubadilisha kitu. Tafuta ripoti tatu ambazo bosi wako huzifungua kila Jumatatu, na ujifunze kuzitengeneza wewe. Mwezi wa pili mwombe akuonyeshe utabiri wa mwezi uliopita ulipokosea na kwa nini. Mwezi wa tatu toa utabiri wako mwenyewe, uuandike kwa tarehe, na matokeo yakitoka umpelekee ulipokosea kabla hajauliza.